Kabla ya Kuuliza Kimeharibika Nini, Uliza Inamisi Lini

Haya, kuhusu mashine ndogo za petroli zinazokatakata, niliyasema mbele ya wakulima wa vitunguu na mafundi wa mashine hizo, Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa. Wengi hawakuweza kuhudhuria kwa sababu zamu ya maji haingoji mkutano, wakaomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokimbilia kivuli cha mbuyu kule nyuma, habari za tangu asubuhi?

Ahsanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeona wengine mmekuja na mashine zenu. Nimehesabu pale ukutani pampu tisa za petroli na kitrekta kimoja cha bustani, kile cha kulimia matuta. Zikae hapohapo, tutazifikia. Kwanza tuzungumze.

Nianze na sauti. Mashine nzima ikiwa inavuta maji kutoka mtoni huwa na sauti moja, imenyooka, unaweza hata kusinzia pembeni yake. Halafu kuna ile nyingine. Inaenda, inakata. Inaenda, inakata mara mbili. Inapiga mlio kwenye ekzosi kama mtu amepasua mfuko. Maji kwenye mpira yanaruka, yanalegea, yanaruka. Nani hapa hajawahi kuisikia? Naona hakuna mkono. Mafundi tunasema mashine *inamisi*. Sauti hiyo ndiyo iliyotukutanisha leo.

Mashine hizi nyingi ni za mipigo minne: inavuta hewa na petroli, inabana, inawaka, inatoa moshi. Moto unatokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Mashine ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, inatakiwa iwake mara 1,800 kwa dakika, yaani mara 30 kwa sekunde moja. Mara thelathini! Ukisema tu "moja", tayari imewaka mara thelathini. Ikishindwa kuwaka hata mara chache katika hizo, sikio lako linajua, mpira wa maji unajua, na kitunguu kitajua baada ya wiki moja.

Ili iwake, inahitaji vitu vitatu. Mafuta yaliyochanganyika vizuri na hewa. Moto, yaani cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake. Na pumzi, yaani ule mbano ndani ya silinda. Mafuta, moto, pumzi. Vijana, semeni na mimi. Mafuta, moto, pumzi. Hakuna cha nne.

Mbona basi tunahangaika? Kwa sababu mteja akituletea mashine inayomisi, swali letu la kwanza ni "Kimeharibika nini?" Na jibu tunalo mfukoni kabla hatujavuta hata kamba. Plagi. Tukibadilisha plagi, ile inayotoa cheche, na mashine bado inamisi, tunasema kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Kabureta mpya ikifungwa na bado, tunasema koili, inayozaa umeme wa cheche. Koili ikishindwa tunasema, "Mama, injini hii imechoka, tafuta nyingine." Nani amelipia plagi? Mama. Nani amelipia kabureta? Mama. Nani amelipia koili? Mama. Na zamu yake ya maji imepita.

Mafundi wenzangu, nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nimelifanya. Swali la kwanza ni *lini*. Inamisi lini? Ikiwa ya baridi, au ikishapata joto? Ikiwa haina kazi, au ikishabeba mzigo? Tangi likiwa limejaa, au likifika nusu? Kule shambani peke yake, au hata hapa kwangu? Mwenye mashine anayajua majibu haya yote. Ameshinda nayo mtoni tangu alfajiri. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Niwape kisa.

Kiangazi kimoja alinijia mama mmoja, mkulima wa vitunguu kama ninyi. Alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Pampu yake ilikuwa na plagi mpya, kabureta mpya na koili mpya. Vile vya zamani alikuwa navyo kwenye kikapu, amevifunga vizuri kwenye kitambaa. Akaniambia, "Fundi, hii inafanya kazi vizuri, halafu inaanza kukatakata, inakufa. Nikiiacha ipumzike inawaka tena."

Nikamuuliza, "Mama, inafanya kazi kwa muda gani kabla haijaanza kukata?"

"Mpaka nimalize majaruba matatu."

"Siku zote matatu?"

"Siku zote. La nne silifikii."

Mafundi, hapo mama alikuwa ameshaniambia karibu kila kitu. Plagi mbovu haihesabu majaruba. Kitu kinachokuja kwa muda uleule kila siku ni kitu kinachojaa au kinachopungua polepole. Nikamwomba aiwashe. Tukakaa. Ilipoanza kukata, sikushika spana. Nilishika kifuniko cha tangi, nikakilegeza. Hewa ikaingia kwa mlio, *fiii*, na mashine ikarudi kwenye sauti yake palepale.

Kwa nini? Petroli kwenye pampu hizi inashuka kwa uzito wake tu, kutoka tangi kwenda kabureta. Ikishuka, lazima hewa iingie tangini kujaza nafasi yake. Hewa hiyo inapita kwenye tundu dogo sana la kifuniko. Tundu likiziba, tangi linajivuta ndani, petroli inashuka kidogo kidogo, mashine inakosa chakula, inamisi, inakufa. Ukiiacha, hewa inapenya taratibu mahali fulani, nayo inafufuka.

Tulipofungua kile kifuniko tulikuta kipande cha mfuko wa nailoni. Mama alikuwa amekiweka mwenyewe, tena kwa sababu ya maana: petroli ilikuwa inamwagika kila alipoipakia mashine kwenye bodaboda. Nailoni ilizuia petroli kutoka, ikazuia na hewa kuingia. Kabureta haikuwa na kosa. Koili haikuwa na kosa. Nilitoa nailoni, nikamkatia gasketi ya mpira yenye nafasi ya hewa. Hakukuwa na kipuri cha kununua.

Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, wale wengine mbona hawakuniuliza?" Swali lile ndilo lililonileta hapa leo.

Sasa nikae kidogo kwenye mafuta, maana kwenye bonde hili ndiko ugonjwa mwingi uliko. Petroli zetu zinakaa kwenye madumu, kwenye chupa za maji, juani, zinapita mikono mingi. Mashine ikimisi ovyo ovyo, bila mpangilio, mara baridi mara moto, fungua kile kibakuli cha chini cha kabureta na umwagie petroli yake kwenye chupa nyeupe ya kioo. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama shanga. Ukiona shanga, umeshapata jibu, na jibu hilo halihitaji kabureta mpya. Safisha kibakuli, safisha tangi, na petroli mpya uipitishe kwenye chujio.

Na ikiwa inapandisha na kushusha sauti yenyewe bila mzigo, kama mtu anayepumua kwa shida? Na ikiwa inapiga chafya kupitia kabureta? Jaribu choki, kile kibao kinachobana hewa inayoingia kabureta. Mashine ikiwa inafanya kazi na ina joto, vuta choki kidogo sana. Ikitulia, imekwambia kwa mdomo wake kwamba inapata petroli kidogo kuliko hewa. Jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, imeziba, au kuna mahali hewa inaingia bila ruhusa, mara nyingi kwenye gasketi kati ya kabureta na injini. Ukivuta choki ikazidi kukata na kutoa moshi mweusi, basi petroli inazidi au hewa imebanwa: tazama ekliina, yaani chujio la hewa, tazama floti, kile kipande kinachoelea ndani ya kabureta na kupima petroli.

Jeti ikiwa imeziba, isafishe kwa upepo. Pampu ya baiskeli inatosha. Naomba sana, msumari usiingie kwenye jeti. Sindano ya kushonea isiingie. Jeti ni shaba laini, na tundu lake limepimwa. Ukilipanua kwa upana wa unywele mmoja, mashine hiyo itakula petroli maisha yake yote. Na jambo jingine, vijana, hili nalisema kama baba: usivute petroli kwa mdomo. Najua wote tunafanya. Ikiingia kwenye mapafu inaua. Mpira na chupa vinatosha kunyonyea.

Halafu ekliina. Nimetazama pampu zile pale ukutani, na mbili hazina ekliina kabisa. Sitauliza ni za nani. Najua ilivyotokea: ilikuwa inamisi, mtu akaitoa, mashine ikapata hewa, ikakimbia, kila mtu akafurahi. Lakini ndugu zangu, vumbi la bonde hili mnalijua. Linaingia kwenye maziwa yakiwa yamefunikwa. Linapoingia kwenye silinda linakuwa msasa kati ya pistoni na ukuta wake, mara maelfu kwa dakika. Sponji ya ekliina inafuliwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa, inatiwa oili kidogo na kukamuliwa. Ile ya karatasi haifuliwi, inakung'utwa, na ikichoka inabadilishwa. Ukitoa ekliina leo umeponya misi ya wiki hii, na umenunua kifo cha injini msimu ujao.

Sasa twende kwenye moto. Hapa nitawapeleka mbali kidogo, nyanda za juu, kwenye misheni moja nilikojifunzia kazi nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili.

Pale misheni kulikuwa na trekta dogo la bustani kutoka Marekani. Wamarekani walianza kuzitengeneza kwa wingi zamani. Cub Cadet ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Deere 110 ikafuata mwaka 1963, na kwa miaka mingi trekta za aina hiyo zilibeba injini ya silinda moja ya chuma kizito. Hilo la misheni bamba lake la jina lilishang'oka zamani, ila lilikuwa la ukoo huo. Lilikata nyasi, lililima bustani ya mboga, na lilivuta tela la samadi kwenda migombani.

Likaanza kumisi. Nikapewa kazi.

Nikabadilisha plagi. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikaifunga. Nikaiwasha: safi kabisa pale uani. Nikafunga tela, nikapanda kilima cha migombani, ikaanza kupiga ekzosi, *pa, pa*. Nikaifungua kabureta mara ya pili. Koili ikaagizwa mjini, ikakaa wiki mbili njiani, ikafungwa. Kilimani palepale, *pa, pa*. Nilianza kuamini injini imekufa.

Bruda mmoja mzee, aliyekuwa msimamizi wa karakana, alikuja akakaa juu ya ndoo. Akauliza, "Imekosa wapi?"

"Kilimani, Bruda."

"Na tambarare?"

"Tambarare haikosi."

"Ukivuta choki kilimani inapona?"

"Haiponi, Bruda. Hata kidogo."

"Basi kijana wangu, kabureta umeifungua mara mbili kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Maana kilima kilikuwa kimenijibu tangu siku ya kwanza, na choki ilikuwa imenijibu, nami sikuwa nasikiliza.

Angalieni sababu yake. Injini ikibeba mzigo, inavuta hewa na petroli nyingi zaidi, na mbano ndani ya silinda unapanda. Hewa iliyobanwa sana ni ngumu kwa cheche kuipenya. Cheche dhaifu inaweza kuruka vizuri ukiitazama plagi ikiwa nje, ikaruka vizuri mashine ikiwa haina kazi, na ikashindwa kabisa ndani ya mbano mkubwa. Kwa hiyo misi inayokuja na mzigo, na ambayo choki haiiponyi, inakwambia: moto wangu ni mdogo.

Bruda alisubiri jioni. Giza lilipoingia akazima taa ya karakana, akaniambia nifungue kile kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, mahali pointi zinapokaa. Vijana wengi hapa hamjawahi kuona pointi. Ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, umeme kwenye koili unakatwa ghafla, na mkato huo ndio unaozaa cheche kubwa kwenye plagi. Pembeni yake kuna kikopo kidogo, kondensa, ambacho kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka pale pointi zinapoachana, ili mkato uwe safi.

Tukawasha. Na gizani nikaona: kwenye pointi palikuwa panawaka cheche nene za buluu, *cha-cha-cha-cha*. Moto uliotakiwa kwenda kwenye plagi ulikuwa unaliwa pale njiani. Kondensa ilikuwa imekufa, na pointi zilikuwa zimeungua, upande mmoja shimo, upande wa pili kilima.

Dawa yake? Bruda alichukua kondensa kutoka gari bovu lililokuwa nyuma ya karakana. Tukasawazisha pointi kwa tupa laini, tukapitisha karatasi safi katikati yake kuondoa unga na mafuta, tukapima mwanya kwa fila gegi, vile vibamba vya kupimia nafasi, pointi zikiwa zimefunguka mwisho: nusu milimita. Asubuhi nikafunga tela la samadi, nikapanda kilima. Haikukohoa hata mara moja. Nilifika juu nikazima injini, nikakaa pale migombani peke yangu. Nilikuwa nimetumia wiki nne na pesa za misheni kwa tatizo la kikopo kisichozidi kidole gumba.

Pampu zenu nyingi hazina pointi. Zina koili iliyokaa pembeni ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na sumaku ya flaiwili ikipita inazaa moto. Uzuri wake ni kwamba vitu vya kuchakaa vimepungua. Lakini maswali ni yaleyale. Mwanya kati ya koili na sumaku ni mdogo, karibu milimita 0.4, unene wa kadi ngumu. Ukizidi, moto unadhoofika. Sumaku ikishika kutu, mwanya umebadilika, pitisha msasa. Waya wa plagi ukipasuka, moto unatorokea kwenye bodi ya mashine. Fanyeni kama Bruda: iwasheni usiku, nje, taa zikiwa zimezimwa, mtazame waya kutoka koili mpaka kofia ya plagi. Moto unaotoroka gizani hauna pa kujificha.

Plagi yenyewe, kabla ya kuitupa, isomeni. Ncha yake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mashine ina afya. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli inazidi au hewa haitoshi. Ikiwa imelowa oili, oili inapanda silinda. Ikiwa nyeupe kama chokaa, inaungua, petroli ni kidogo. Kwa injini ya Honda GX160 na mashine zilizoigwa kwake, ambazo ndizo nyingi hapa, mwanya wa plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi mpya nayo ipimwe. Inaweza kuwa imeanguka njiani ikajifunga, na haitakwambia.

Mkipima cheche, ishikilieni plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda. Ukivuta kamba, mvuke wa petroli unatoka kwenye tundu lile. Nimeona nyusi zikiungua, na nimeona zaidi ya nyusi.

Sasa kuna fundi hapa mbele ananitazama, najua anachotaka kuuliza. Koili nayo ikipata joto si inaweza kufa, ikapoa ikafufuka, kama pampu ya yule mama? Ndiyo. Waya mwembamba ndani yake unaweza kuachana ukipata joto na kugusana tena ukipoa. Kwa hiyo "inakufa baada ya nusu saa" ina majibu mawili, tangi au koili. Mnayatenganishaje? Papo hapo inapokufa, bila kuchelewa. Legeza kifuniko cha tangi, vuta kamba. Ikiwaka, ni tangi. Isipowaka, fungua plagi palepale injini ikiwa ya moto na utazame cheche. Hakuna cheche? Subiri ipoe, tazama tena. Imerudi? Hiyo ni koili, sasa mwambie mteja anunue, na utakuwa umesema kweli. Ukiipima ikiwa imepoa karakanani, utamwambia ni nzima.

Nina kisa cha tatu, kifupi, kwa ninyi mnaofunga pampu ukingoni mwa mto. Kijana mmoja alikuja kwangu mara nne na mashine ileile. Mtoni inakata. Kwangu haikati. Mtoni inakata, kwangu haikati. Mara ya nne nikasema, sitaigusa, twende mtoni. Nikakuta ameiegesha kwenye mteremko, upande mmoja juu, mwingine chini. Nikachimba kidogo kwa jembe, nikaweka mawe, ikakaa sawa. Ikatulia, ikavuta maji hadi jioni.

Nyingi ya mashine hizi zina swichi ya oili ndani, kiboya kidogo. Oili ikipungua, kiboya kinashuka na kukata moto ili injini isiungue. Mashine ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja, kiboya kinadhani imekwisha. Ikitetemeka, kinakata na kuachia, kinakata na kuachia. Unasikia misi. Mashine ilikuwa nzima, ilikuwa inajilinda. Kuna mafundi wanaukata waya wa swichi hiyo ili wasisumbuliwe. Kuutenganisha dakika mbili ili kupima ni sawa. Kumrudishia mkulima mashine ikiwa imekatwa waya huo ni kumfanyia ubaya, kwa sababu siku oili itakapokwisha kweli, hakuna kitakachomwambia. GX160 inachukua oili kama lita 0.6 tu. Hiyo ni kidogo sana kupoteza bila kujua.

Pumzi nitaipita haraka, maana ikifika huko mara nyingi tumechelewa. Mashine inawaka kwa shida ikiwa ya moto, kamba ni nyepesi mkononi, nguvu hakuna, na misi haikomi hata mafuta na moto vikiwa sawa. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, vuta kamba. Ikawa nzito kuliko mwanzo? Ringi za pistoni zimekwisha, na nimeshasema vumbi linaingilia wapi. Haikubadilika? Tazama valvu, vile vifuniko vinavyofungua na kufunga njia ya hewa na ya moshi. Kabla hujaamua kuisaga, pima mwanya wake injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana: milimita 0.15 kwa valvu ya kuvuta, milimita 0.20 kwa ya ekzosi, kwa GX160 za zamani; mpya ifuate kitabu chake. Mwanya ukiisha, valvu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake na kuila. Nimeona mashine ya mzee mmoja iliyomisi misimu miwili bila kuangaliwa, valvu ya ekzosi imelika kipande kama kigae. Mwanzoni ilihitaji fila gegi na spana mbili tu. Alipokuja kwangu ilihitaji kichwa kipya cha silinda, na hakuwa na fedha hizo. Aliiuza kama chuma chakavu, na mwaka ule alilima nusu ya shamba.

Wakulima, nanyi nina ombi kwenu. Mashine ikianza kumisi, msiikimbize kwa fundi kabla hamjatazama saa. Jioni andikeni hata nyuma ya daftari la mtoto: ilianza saa ngapi baada ya kuwashwa, tangi lilikuwa wapi, choki ilisaidia au ilizidisha, ilikuwa tambarare au mteremkoni, petroli ilinunuliwa wapi. Mpeni fundi karatasi hiyo kabla ya kumpa mashine. Fundi akiiweka pembeni bila kuisoma na kuanza kufungua plagi, mna haki ya kumwambia, "Fundi, ngoja kwanza."

Na mafundi, mteja akikwambia hivyo usikasirike. Amekuokolea wiki nne.

Jua limesogea, na naona wengine wanatazama mfereji. Wale walioleta mashine, zitoeni ukutani mziweke hapa chini ya mbuyu, sehemu iliyo sawa, upepo unakopita, maana moshi wa mashine hizi si wa kuvutwa ndani ya kibanda. Vijana, leteni ile chupa ya kioo na fila gegi. Tutaanza na ile pampu nyekundu yenye mpira wa buluu. Mwenye nayo ni nani? Ni wewe, mama? Karibu, shikamoo. Usiiwashe kwanza. Kaa hapa, uniambie: inaanza kukata lini?